Sura ya Saba: Kubana Sauti Bila Kuua Mkono wa Mpigaji

Mpiga gitaa mzuri hapigi nyuzi zote kwa nguvu moja. Gumba linashika besi kwa uzito wake, kidole cha shahada kinachomoa melodia juu, na katikati kuna mapigo mepesi ambayo msikilizaji hayahesabu, lakini yakiondolewa wimbo unalegea. Kwa tofauti hizo za nguvu, watu wawili wanaweza kupiga mdundo uleule na bado ukamtambua kila mmoja. Kompresa ni chombo cha kupunguza tofauti hizo. Ikitumiwa kwa kiasi, gitaa husikika lote hata kwenye spika ndogo ya simu. Ikitumiwa bila kipimo, hufuta kile hasa kilichotufanya tumrekodi mtu huyu badala ya mwingine.

Msimamo wa sura hii ni mmoja: kompresa ikae mwisho wa foleni. Kwanza mkono wa mpigaji, pili mahali pa maikrofoni, tatu kitelezo cha sauti, nne kompresa. Kila hatua ikifanywa vizuri hupunguza kazi ya inayofuata, na mara nyingi ukifika ya nne utakuta kilichobaki ni desibeli mbili au tatu tu.

Kubana tunakozungumzia hapa ni kwa nguvu za sauti, tofauti na kule kupunguza ukubwa wa faili ili lipite WhatsApp. MP3 hupunguza data. Kompresa hupunguza umbali kati ya sauti ndogo na sauti kubwa.

Studio ya kando ya ziwa

Mfano wetu utakuwa Ikombe, kijiji cha Wakisi wilayani Kyela, mbele ya Matema, pale Milima ya Livingstone inaposhuka hadi karibu na maji ya Ziwa Nyasa. Wengi wanakijua kwa vyungu: wanawake wa Ikombe ni wafinyanzi, na kazi zao huuzwa kwenye soko la Matema siku ya Jumamosi. Mtu huenda Ikombe kwa boti, kwa mtumbwi au kwa miguu. Kwa hiyo anayetaka kurekodi kwaya au mpiga gitaa nyumbani kwake Ikombe hawezi kubeba studio. Anabeba kompyuta mpakato, kadi ndogo ya sauti, maikrofoni mbili na hedifoni. Chumba chake ni sebule ya mtu au kanisa lenye paa la bati. Nje kuna mawimbi na upepo, na mvua haiko mbali, kwani pembe hii ya kaskazini ya ziwa ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi Tanzania.

Mazingira hayo yanafundisha matumizi ya kompresa kuliko studio iliyozibwa pande zote. Ndani ya studio unaweza kubana kupita kiasi usigundue kwa wiki nzima. Kando ya ziwa, ukizidisha, ziwa lenyewe linaingia kwenye wimbo.

Kusawazisha kwa mkono

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, mji wa Katanga ambao leo unaitwa Likasi. Bosco aliimba kwa Kiswahili na kupiga gitaa kavu kwa gumba na kidole cha shahada. Wimbo wake Masanga ulivuka mipaka, na upigaji wake ulichambuliwa kwa kina na David Rycroft katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962. Usikilize kwa hedifoni. Gumba halilingani na kidole, pigo la kwanza halilingani na la tatu, na mahali pengine noti inaguswa tu na kuachwa. Hayo yote yamefika kwetu.

Tracey alikuwa na desturi ya kuishika maikrofoni mkononi na kuisogeza kuelekea kile alichotaka kisikike. Huko nako ni kusawazisha sauti, ila kunafanywa na mtu anayesikiliza muziki unavyokwenda, na kunafanywa kabla sauti haijaingia kwenye kinasa. Sisi hatulazimiki kushika maikrofoni mkononi, lakini kanuni yake tunaweza kuichukua: rekebisha kwa umbali kwanza.

Sauti ikitoka mahali pamoja, ukipunguza umbali kwa nusu inaongezeka takriban desibeli 6. Tuseme umeweka maikrofoni sentimita 60 kutoka kwenye gitaa na mawimbi yanasikika nyuma. Isogeze hadi sentimita 30. Gitaa limepanda desibeli 6 na mawimbi yamebaki pale pale, bila kitufe chochote kuguswa. Ielekeze pale shingo ya gitaa inapoungana na mwili wake, usiielekeze kwenye tundu, maana tundu hutoa mvumo mzito wa chini ambao baadaye utaisumbua kompresa. Kwa waimbaji, mwenye sauti nyembamba asogee mbele na mwenye kifua apige hatua nyuma. Mwalimu wa kwaya anayejua watu wake atafanya kazi hii kwa dakika chache, na atafanya vizuri kuliko programu yoyote.

Halafu acha nafasi juu. Kwa rekodi ya biti 24, vilele vikifika desibeli 12 chini ya kikomo inatosha kabisa. Hakuna haja ya kujaza mita hadi nyekundu.

Anayerekodi kwa simu aongeze tahadhari moja. Simu nyingi hurekebisha kiwango cha sauti zenyewe: kukiwa kimya zinaipandisha, mtu akipiga kwa nguvu zinaishusha. Hiyo ni kompresa tayari, tena isiyojua muziki. Tafuta programu ya kurekodi inayokuruhusu kuizima. Usipoizima, kompresa utakayoiweka baadaye itakuwa inabana kilichokwisha kubanwa.

Vitufe na hesabu zake

Kompresa zilianzia kwenye redio na filamu miaka ya 1930, kwa sababu mtambo wa kurushia matangazo hauvumilii sauti inayopita kikomo. Tangu wakati huo vifaa vimebadilika sana, lakini kazi imebaki ileile, na vitufe vinavyoiendesha ni vitano. Maprodyuza wetu huviita threshodi, resho, ataki, rilizi na gaini.

Threshodi ni kizingiti. Sauti iliyo chini yake inapita bila kuguswa, iliyo juu yake inabanwa. Resho inaeleza inabanwa kiasi gani. Chukua kizingiti cha desibeli -20 na pigo la gitaa lililofika -8. Pigo hilo limepita kizingiti kwa desibeli 12. Kwa resho ya 2 kwa 1, zile 12 zinakuwa 6, na pigo linatoka likiwa -14. Kwa resho ya 4 kwa 1, zinakuwa 3, na pigo linatoka likiwa -17. Kubana kwa desibeli 9 kwenye gitaa kavu ni kwingi mno. Pigo zito na pigo la kawaida yatakuwa karibu sawa.

Ataki ni muda ambao kompresa inachukua kuanza kushika baada ya sauti kupita kizingiti. Rilizi ni muda wa kuachia. Gaini ni kurudisha juu kiwango cha jumla baada ya kubana.

Kwa mpiga gitaa, ataki ndiyo yenye maamuzi. Mwanzo wa noti, pale ukucha au kidole kinapouachia uzi, hudumu milisekunde chache tu, na hapo ndipo sikio linapotambua nani anapiga na anapiga kwa hisia gani. Ataki ya milisekunde 1 inaukamata mwanzo huo na kuulaza. Ataki ya milisekunde 20 hadi 40 inauacha upite mzima, kisha inashika mwili wa noti. Kwa hiyo anza na milisekunde 30, na ushuke tu ukiwa na sababu unayoweza kuitaja.

Rilizi ipimwe kwa mwendo wa wimbo. Wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika una milisekunde 500 kwa kila pigo. Ukiligawa pigo mara nne, kama wapiga solo wanavyofanya, kila noti ina milisekunde 125. Rilizi ikiwa milisekunde 400, kompresa itakuwa bado imeshikilia noti ya kwanza wakati ya pili, ya tatu na ya nne zinapita, nazo zote zitatoka dhaifu. Weka 100 au pungufu kidogo, na kila noti itapata nafasi yake. Ukishuka mno, kwa mfano hadi 10, kompresa itaanza kufuata mtikisiko wa nyuzi za besi zenyewe na utasikia mikwaruzo.

Mawimbi, upepo na bati

Rudi sasa Ikombe. Umerekodi gitaa, na kati ya noti kuna mawimbi yanayosikika kwa desibeli -50. Hayafiki kizingiti, kwa hiyo kompresa haiyagusi. Lakini umebana gitaa kwa desibeli 9, halafu ukapandisha gaini kwa 9 ili kurudisha ukubwa wake. Mawimbi nayo yamepanda hadi -41. Hujayaongeza kwa makusudi, lakini yako kwenye wimbo, na kila mpigaji anaponyamaza yanafurika kuingia, kisha yanarudi nyuma pigo linalofuata linapoanza. Watu wa studio husema sauti inapumua.

Njia ya kwanza ya kulizuia hilo tumeshaisema: maikrofoni isogee karibu. Ya pili ni kubana kidogo, desibeli 2 au 3 kwenye vilele tu. Ya tatu ni kukata sauti za chini kabla ya kompresa, na hii wengi huisahau.

Upepo ukigonga maikrofoni hutoa mvumo wa chini sana, ambao pengine hata huusikii kwenye spika za kompyuta mpakato. Kompresa inausikia. Kwake ni sauti kubwa iliyopita kizingiti, basi inabana, na kinachoshuka ni gitaa pamoja na waimbaji. Unabaki ukishangaa kwa nini wimbo unazama bila mpangilio. Uzi mnene kabisa wa gitaa, ukifungwa kwa kawaida, una mtetemo wa hezi 82. Chini ya hapo hakuna muziki wa gitaa wa kupoteza. Weka kichujio kinachokata chini ya hezi 70, kikae mbele ya kompresa kwenye mnyororo, na uvishe maikrofoni sponji au kitambaa kizito wakati wa kurekodi.

Kwa mvua juu ya bati hakuna kitufe. Sauti yake imeenea kuanzia chini hadi juu, sehemu ileile gitaa na sauti za watu zilipo. Subiri ikatike.

Magitaa matatu ya dansi

Gitaa moja likiwa na kwaya lina nafasi ya kutosha. Kazi ngumu zaidi ni muziki wa dansi, wenye solo, ridhim na besi, na mara nyingi gitaa la nne linalojibizana na solo. Magitaa hayo, ukiacha besi, yanapiga kwenye eneo lilelile la sauti. Msikilizaji anayatenganisha kwa mambo mawili: mahali kila noti inapoanza, na ni noti ipi imewekewa mkazo. Bana magitaa yote kwa nguvu na ataki ya haraka, na mambo hayo mawili yatatoweka. Yatabaki magitaa matatu yanayosikika kama moja, halafu mtu anajaribu kuyatenganisha kwa mwangwi na vichujio, bila mafanikio.

Rekodi za Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) zinaonyesha njia nyingine. Bendi kama Morogoro Jazz, Western Jazz na NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ziliingia studio na kupiga wote pamoja, waimbaji na wapigaji kwa wakati mmoja. Hakukuwa na nafasi ya kurekebisha gitaa moja moja baadaye, hivyo usawa ulitoka kwa wapigaji wenyewe, waliokuwa wamezoea kusikilizana jukwaani usiku baada ya usiku. Msikilize Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki Januari 1979, anavyoingia na solo. Anaongeza nguvu ya mkono pale anapotaka kusikika, kisha anairudisha. Mpigaji wa ridhim anamwachia nafasi na kuirudia. Kompresa nzito ingekuwa inafanya kinyume cha kila uamuzi wao.

Kisha sikiliza Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala na Orchestra Super Matimila, iliyorekodiwa katika studio za Real World nchini Uingereza na kutolewa mwaka 1989. Teknolojia ni tofauti kabisa na ile ya studio ya RTD, lakini bado unaweza kufuata gitaa moja tangu mwanzo hadi mwisho wa wimbo bila kulipoteza. Hicho ndicho kipimo cha miksi ya dansi: msikilizaji akichagua gitaa lolote aweze kulifuata.

Kwa mazoezi ya kazi, anza hivi. Besi ndiyo inayohitaji kubanwa zaidi, kwa sababu noti zake hutofautiana sana kutoka uzi mmoja hadi mwingine na wacheza dansi wanaitegemea. Resho ya 4 kwa 1, ataki milisekunde 30, sindano inayoonyesha kiasi cha kubana ishuke desibeli 4 hadi 6. Solo: resho 3 kwa 1, ataki milisekunde 30, sindano ishuke 2 au 3 kwenye noti kubwa tu. Ridhim iachwe kama ilivyo, labda resho 2 kwa 1 ikiwa mpigaji hana utulivu. Gitaa lililopitishwa kwenye amplifaya iliyofunguliwa hadi inakwaruza limeshabanwa na amplifaya hiyo, kwa hiyo usiliongezee.

Sauti ya mwimbaji

Mwimbaji anaweza kunong'ona ubeti na kupaza kiitikio, na maneno lazima yasikike kote. Hapa kompresa ina haki yake. Lakini bado kitelezo kitangulie: pitia wimbo mstari kwa mstari, pandisha neno linalopotea, shusha linaloruka. Kompresa ikija baadaye itakuta kazi nyepesi.

Vifaa viwili vya Marekani vimeweka mfano unaoigwa na programu nyingi za leo. LA-2A, kilichobuniwa na Jim Lawrence mwanzoni mwa miaka ya 1960, hutumia mwanga: sauti ikikua taa inawaka zaidi, na kifaa kinachohisi mwanga kinapunguza sauti. Kinashika kwa milisekunde 10 hivi na kuachia polepole, kwa hatua mbili, jambo linalokifanya kifae kwa mwimbaji wa mistari mirefu. Kile cha 1176 cha Bill Putnam, cha mwaka 1967, hutumia transista na kinaweza kushika ndani ya chini ya milisekunde 1. Ukiona picha zake kwenye programu, zitumie ukijua tofauti hiyo. Kwa kwaya ya Ikombe, cha kwanza kinafaa zaidi, tena sindano ikitikisika kidogo tu. Sauti nyingi zikiimba pamoja huwa zinasawazishana zenyewe.

Ukubwa wa wimbo mzima

Wasikilizaji wetu wengi wako kwenye kelele: ndani ya daladala, juu ya bodaboda, kwenye boti ya injini inayotoka Matema. Huko mstari wa kunong'ona unapotea, na kupunguza kidogo tofauti za nguvu ni kumjali msikilizaji. Kompresa moja juu ya miksi nzima, resho 2 kwa 1, ikibana desibeli 1 au 2, inatosha kuushikamanisha wimbo.

Shida huanza pale ukubwa unapogeuzwa mashindano. Kwa miaka mingi watengenezaji walizidi kubana ili wimbo wao usikike mkubwa kuliko uliotangulia redioni. Tangu mwaka 2006 kuna kipimo cha kimataifa cha ukubwa unaosikika, ITU-R BS.1770, kinachohesabiwa kwa LUFS, na huduma kadhaa za muziki mtandaoni hukitumia kulinganisha nyimbo. Spotify, iliyofika Tanzania mwaka 2021, kwa kawaida hulenga -14 LUFS. Wimbo uliobanwa hadi -7 hushushwa kwa desibeli 7. Unapofika kwa msikilizaji hauna ukubwa wa ziada, na mikazo ya mkono imeshapotea. Aliyebana kwa kiasi anasikika sawa na huyo kwa ukubwa, na gitaa lake bado lina meno.

Jinsi ya kujua umezidisha

Sikio hupenda kilicho kikubwa zaidi, kwa hiyo kulinganisha kusikofanywa kwa haki hudanganya. Weka gaini mpaka sauti iliyobanwa na isiyobanwa ziwe na ukubwa uleule. Kisha washa na uzime kompresa huku umefumba macho. Sikiliza mambo matatu kwa mpangilio: mwanzo wa noti, tofauti kati ya pigo zito na jepesi, na kimya kati ya mapigo. Ukiona mwanzo umelala, ongeza muda wa ataki. Mapigo yakilingana, pandisha kizingiti. Mawimbi yakifurika kwenye kimya, punguza kubana pamoja na gaini. Na usipoweza kusema kompresa imeboresha nini, iondoe.

Kisha mwite mpigaji asikilize. Yeye anajua alitia mkazo wapi na kwa nini. Akisema noti fulani aliiegemea na sasa haisikiki hivyo, mwamini, kwa sababu ndiye aliyeipiga.

Mwisho, hifadhi rekodi ghafi, isiyobanwa, kwenye diski mbili tofauti, na uandike jina la mpigaji, mahali na tarehe. Nyimbo za RTD tunaweza kuzichambua leo kwa sababu kanda zake zilitunzwa, na sasa ziko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC). Kuna wapiga gitaa Kyela, Rungwe na Ludewa ambao mikono yao haijarekodiwa hata mara moja. Wimbo usiobanwa unaweza kubanwa wakati wowote, hata miaka 20 ijayo, na mtu mwenye vifaa bora kuliko vyetu. Wimbo uliobanwa na kuhifadhiwa hivyo haurudishiki, na mkazo wa kidole uliofutwa humo hakuna programu itakayojua ulikuwa wapi.